Nusu Saa ya Breki Inaliwa na Nani?

Ukiiweka mezani ratiba ya mtoto wa gredi ya tatu anayeishi Liwatoni, kisiwani Mombasa, utakuta ana shughuli nyingi kumshinda karani wa bandari aliyepanga nyumba ya pili. Huamshwa kabla jua halijachomoza, saa mbili yuko darasani, na kama anasoma skuli ya binafsi huenda asitoke mpaka alasiri. Akifika nyumbani hubadilisha nguo, hula, kisha huvaa kanzu au mtandio akaenda chuo cha Kurani hadi karibu na magharibi. Usiku kuna kazi za skuli za kumalizia. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni chuo tena. Asiyekwenda chuo ana tuisheni, na wapo wenye vyote viwili. Katika mzunguko huo mzima, muda ambao mtoto yuko nje, hana wa kumwamuru akae vipi na aseme nini, ni mmoja tu: breki.

Ndiyo maana suala la breki hapa kisiwani lina uzito ambao huenda lisiwe nao kwingine. Mtoto wa mashambani Kwale akipunguziwa dakika kumi za mapumziko, atazifidia njiani akirudi nyumbani, juu ya mwembe au pembezoni mwa mto. Wa Liwatoni atazifidia wapi? Upande mmoja ni bandari ya Kilindini na gati la Mbaraki, na malori yake yanayopita mchana na usiku. Upande mwingine ni msongamano wa kivukoni, matatu, tuktuk na bodaboda. Bahari ipo, tena karibu, lakini ufuo wenyewe umezungushiwa ua: pale palipojengwa kituo cha samaki ndipo pia Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya kilipozinduliwa Novemba 2018. Mtoto huiona bahari kila siku na hana ruhusa ya kuifikia.

Mji wa Kale una hadithi yake. Vichochoro vyake vilikuwa uwanja kwa sababu gari halingeweza kupenya, na mabaraza yalikuwa na wazee waliomjua kila mtoto na baba yake. Watu wazima wa leo wakikwambia kwamba wao hawakuhitaji breki ndefu, wanasema kweli. Walicheza kibe hadi adhana ya magharibi, wakapiga gololi, wakazungusha pia, wakarusha tiara upepo ulipokuwa mzuri. Lakini huo ulikuwa mchango wa mtaa, skuli haikuhusika. Pikipiki zilipoanza kuingia vichochoroni, mtaa uliacha kutoa, na hakuna aliyeiambia skuli kwamba zamu sasa ni yake.

Je, breki ina faida gani hasa, mbali na kumfurahisha mtoto? Wataalamu wameliuliza swali hili kwa njia mbalimbali. Katika miaka ya 1990 Anthony Pellegrini na wenzake walifanya jaribio rahisi katika skuli za msingi za Marekani: walichelewesha breki kwa siku fulani na kuitoa mapema siku nyingine, kisha wakawatazama watoto. Kadiri breki ilivyochelewa ndivyo macho yalivyozidi kuhama kutoka kwenye kazi, na baada ya breki umakini ulirudi. Mwaka 2009 uchunguzi uliohusu watoto wapatao 11,000 wa miaka minane na tisa nchini humo ulionyesha kwamba waliopata zaidi ya dakika 15 za breki kwa siku walipewa na walimu wao alama nzuri zaidi za tabia darasani. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba breki ndiyo iliyoleta tabia njema, kwa kuwa skuli zenye nafasi ya breki mara nyingi zina mengine mazuri pia. Ila ukiuweka pamoja na jaribio la Pellegrini, picha inaanza kueleweka. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa msimamo kwamba breki ni sehemu ya lazima ya makuzi ya mtoto na haifai kuondolewa kama adhabu wala kwa sababu ya masomo.

Finland wamelichukulia jambo hili kwa uzito tangu zamani. Huko kipindi cha dakika 45 hufuatwa na mapumziko ya dakika 15, na watoto hutoka nje hata kwenye baridi kali. Sisi tunalia na jua.

Kuna na habari ya macho. Katika jiji la Guangzhou, China, watafiti waliziongezea skuli kadhaa dakika 40 za kukaa nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza, wakawafuata kwa miaka mitatu. Katika skuli ambazo hazikuongezewa, watoto 39.5 katika kila 100 walipata tatizo la kutoona mbali. Katika zilizoongezewa walikuwa 30.4. Matokeo hayo yalichapishwa 2015. Taiwan walikuwa wameshaanza mpango wa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku tangu 2010. Uchunguzi mwingine wa huko, wa 2018, ulionyesha kwamba si lazima mtoto aanikwe juani: hata mwanga wa kivulini, chini ya mti au kibarazani, unasaidia. Kutoona mbali hakujawa janga hapa kwetu kama kulivyo Asia ya Mashariki, lakini watoto wetu sasa wanashika simu mapema kuliko kalamu, na habari hiyo ya kivuli tutaihitaji mbele kidogo.

Hayo yote ni mambo ya kupimika. Lililo kubwa kwangu halipimiki kwa urahisi. Watazame wasichana wanne wakicheza kati. Wawili wanarusha mpira wa soksi iliyojazwa vitambaa, mmoja yuko katikati anaukwepa, wa nne anangoja zamu. Ghafla mchezo unasimama: mpira umemgusa sketi au haukumgusa? Hapo kuna kesi, mashahidi, vitisho vya kwenda zao, na mwishowe hukumu, kwa sababu bila hukumu hakuna mchezo na dakika zinakwisha. Hakuna mwalimu aliyeingilia. Mtoto aliyeendesha kesi kama hiyo mara tatu kwa wiki amejifunza kitu ambacho kitabu cha maadili hakina namna ya kukifunza. (Kwa ndugu zao wa kiume, marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliondoa malighafi ya mpira wa juala. Nijuavyo mimi, hakuna waziri aliyeihesabu hasara hiyo.)

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba somo la mazoezi ya viungo linatosha. Somo hilo lina mwalimu, firimbi na mistari. Ni zuri, lakini ni somo. Na hata hilo limepungua: baada ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kutoa ripoti yake mwaka 2023, masomo ya gredi za chini yalipunguzwa hadi saba, na mazoezi ya viungo yakaunganishwa na sanaa na muziki katika somo moja la ubunifu. Kupunguza mzigo wa masomo kulihitajika. Lakini mwalimu mwenye darasa kubwa, uwanja mdogo na somo moja lenye kuchora, kuimba na kukimbia, atachagua kipi siku ya joto? Atachora.

Sheria haina lawama hapa. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinataja mapumziko na michezo. Sheria ya Watoto ya 2001 ililirudia jambo hilo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo katika skuli za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, na kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni muda wa michezo na vyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, umeweka kipindi cha dakika 30 kwa gredi za chini, kwa kujua kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kutulia zaidi ya hapo. Kwa karatasi, tumeshamaliza kazi.

Tatizo ni kwamba breki inaliwa. Ukiuliza inaliwa na nani, utaanzia chooni. Mwongozo wa serikali ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Sasa fikiria skuli yenye watoto 600 na matundu kumi yanayofanya kazi, hali isiyo ngeni kwa anayezijua skuli zetu. Watoto 60 wanagawana tundu moja. Nusu yao tu wakihitaji kwenda, na kila mmoja akatumia dakika moja, nusu saa imekwisha na mtoto wa mwisho hajagusa mpira. Hapo hatujataja foleni ya bomba, katika mji ambao mifereji hukauka na maji hununuliwa kwa mitungi ya mkokoteni. Kwa hiyo anayetaka watoto wapate muda wa kucheza aanze kwa fundi bomba. Nakiri si hoja ya kuvutia mkutanoni, lakini ndiyo ya kwanza.

Mlaji wa pili ni ile sentensi tunayoijua sote: "Dakika tano tu nimalizie." Kengele imelia, ubao umejaa, mwalimu anageuka na kusema hivyo, na dakika tano zinazaa kumi. Simlaumu sana. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023 baada ya takriban miaka arobaini, lakini mazoea yake hayakuzikwa nao. Wazazi bado wanalinganisha skuli kwa alama, na mwalimu mkuu anajua atakachoulizwa.

Wa tatu ndiye mbaya kuliko wote. Kiboko kilipigwa marufuku skulini mwaka 2001, na sheria ya 2013 ikakazia. Mwalimu aliyenyang'anywa kiboko bila kupewa kitu kingine alitafuta adhabu iliyo karibu, akaikuta breki. Mtoto asiyetulia, anayeongea, aliyesahau daftari, hubakishwa ndani akiandika huku wenzake wakipiga kelele dirishani. Ni kumnyima maji mtu mwenye homa: yule anayezuiwa ndiye mwili wake ulikuwa ukiomba kutoka, na kipindi kinachofuata atasumbua zaidi. Msimamo wa madaktari wa Marekani nilioutaja umelipinga jambo hili waziwazi, na sioni kwa nini tungoje utafiti wetu wenyewe ili tuliache.

Huhitaji kwenda Finland kuona kwamba inawezekana. Mombasa yenyewe ilikuwa na jibu zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walitafuta njia ya kuwaandaa watoto wao kwa skuli bila kuwatenga na dini, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanza mpango wa chekechea za Madrasa. Aliyeuongoza mwanzoni ni mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Mpango ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Uliazima baadhi ya mawazo yake kutoka mbinu ya HighScope ya Marekani, ambayo ratiba yake ya siku ina sehemu maalumu ya watoto kuwa nje, sawa na sehemu ya hadithi au ya chakula. Vifaa vilikuwa vya kuokota: vifuu, kauri, mbegu, vibao, vitambaa. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipowalinganisha watoto hao na wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani, katika nchi hizo tatu, wale wa Madrasa walionekana kupiga hatua zaidi katika uwezo wa kufikiri. Sifa hiyo haiwezi kupewa muda wa nje peke yake, maana walimu walifunzwa vizuri na wazazi walishirikishwa. Funzo lake ni kwamba jumuiya iliyoithamini dini na elimu kwa pamoja haikuona mchezo kuwa upuuzi. Leo hii chuo na skuli vinagombania mtoto mmoja, na kila kimoja kinadhani kile kingine ndicho kitakachompa nafasi ya kucheza. Maalim na mwalimu mkuu wa mtaa mmoja wangekaa pamoja alasiri moja na kulinganisha ratiba zao, wangeshtuka.

Sasa jua. Mzazi anayesema mtoto asitolewe nje kwenye joto la Mombasa hasemi upuuzi. Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 32, hewa ina unyevu, na jua hupita utosini kabisa mwezi wa Machi na tena Oktoba. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia msimu huo, mtoto aliyefunga hawezi kukimbizwa uwanjani saa sita. Ila jawabu la jua ni kivuli. Kumfungia mtoto chini ya bati pamoja na wenzake hamsini hakumpunguzii joto. Breki kubwa ikiwa kabla ya saa tano, chini ya mwarobaini au mkungu, hali ni nyingine kabisa, na ule uchunguzi wa Taiwan unatuambia kwamba macho hayapotezi chochote. Mwarobaini hautaki maji mengi ukishashika, na ndani ya miaka michache hutoa kivuli cha kukusanya darasa. Mkungu una faida ya ziada: watoto huponda kungu zake kwa jiwe kutafuta kiini, na hiyo ni shughuli ya nusu saa nzima. Pasipo na udongo, kama kwenye zile skuli za gorofa ambazo uwanja wake ni paa, banda la turubai lenye pande wazi litafaa.

Na hili tulishalifanya. Skuli zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021 baada ya korona, marehemu waziri George Magoha mwenyewe alihimiza masomo chini ya miti pale madarasa yalipobana. Kwa miezi hiyo nje palikuwa mahali salama. Hofu ilipopungua, madawati yakarudi ndani, na miti ikabaki kivuli cha gari la mwalimu mkuu.

Ardhi ni jambo gumu zaidi. Wakenya hawajasahau Januari 19, 2015, pale polisi walipowarushia gesi ya machozi watoto wa skuli ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, waliokuwa wakidai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Baada ya fedheha hiyo serikali iliahidi hatimiliki kwa skuli za umma. Pwani, ambako vita vya ardhi ni vya kale kuliko Kenya yenyewe, kila uwanja usio na hati uko hatarini, na kisiwani nafasi ikishajengwa hairudi. Ninaposikia mradi mpya wa maduka karibu na skuli, swali langu huwa mpaka umepimwa na nani.

Kuhusu viwanja vya umma hali si mbaya kabisa. Mama Ngina ilikarabatiwa na kufunguliwa Oktoba 2019, Makadara ipo, Tononoka ipo. Lakini ni vya jioni na sikukuu, na havimsaidii mtoto saa nne asubuhi. Skuli zisizo na uwanja zingeweza kupangiwa zamu za asubuhi kwenye viwanja hivyo. Kwa chekechea, kazi hiyo ni ya serikali ya kaunti moja kwa moja, kwa kuwa katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali.

Yamebaki mapingamizi mawili. Watoto huumia na kuoneana wakiachiwa: ni kweli, na ndiyo maana breki inahitaji walimu wawili wa zamu walio uwanjani, si katika chumba cha chai. La pili halisemwi sana. Pakiwa na uwanja mmoja mdogo, wavulana wakubwa huuchukua wote kwa kandanda, na wasichana na wadogo husimama ukutani wakila achari na mabuyu. Wanahesabiwa kuwa walikuwa nje, na hawakucheza. Mstari wa chokaa unaogawa uwanja, au siku za zamu, ungetatua hili bila senti ya wafadhili.

Kama kuna fedha kidogo, ningezitumia kwa mpangilio huu: vyoo na maji, kivuli, kisha vifaa vya kuchezea, na hivyo vya mwisho viwe vichache. Zile bembea za rangi zinazopigwa picha kwenye matangazo ya skuli ndizo za mwisho kabisa katika orodha yangu.

Kukataza kuwanyima watoto breki kama adhabu hakugharimu chochote, na kunaweza kuanza Jumatatu. Kwa hiyo mzazi, kwenye kikao kijacho, kabla hujaulizia wastani wa alama, omba uone ratiba ya breki, kisha muulize mwalimu mkuu ni watoto wangapi waliobakishwa darasani wiki iliyopita, na kwa kosa gani. Asipokuwa na jibu, usikubali kikao kifungwe.